Mkulima Aliyesikiliza Mitambo

Wako watu ambao majina yao hayakupata kuandikwa katika cheti cho chote, wala kusomwa katika sherehe yo yote, lakini lau si mikono yao kijiji kizima kingalilala na njaa hali nafaka imo ghalani. Mmoja wao alikuwa babu yangu, mzaa mama, mkulima wa mtama na uwele katika Ugogo, upande wa Kongwa. Shule hakuingia. Jembe la mkono alilishika tangu utoto hata uzeeni, na majirani walimwita mkulima, si fundi. Naye hakutaka jina jingine.

Habari za Kongwa zajulikana, lakini yafaa vijana wakumbushwe. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kupikia, na serikali yao ikakata shauri la kulima karanga katika Afrika, ekari zaidi ya 3,000,000, sehemu kubwa katika Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa ya kila namna, mengi yamekwisha kutumiwa vitani. Hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mwaka ule wa kwanza ilikusudiwa kufyeka ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika 10,000. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya chuma, udongo ulikauka ukawa kama saruji, na mvua ilikuwa haba. Mwaka haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na Waingereza wakafuta hasara ya pauni milioni 36.

Babu alikuwa kibarua huko, kijana wa kupangusa grisi na kubeba spana za wengine. Alisema kwamba siku zote alizokuwa pale hakuona mzee hata mmoja wa Kigogo akiulizwa mvua hunyesha lini, au udongo huu huvumilia nini. Hakusema hivyo kwa kisasi. Alisema kama mtu asemaye kwamba injini ilitiwa maji mahali pa mafuta. Mpango ulipokufa alirudi shambani kwake, na mali aliyotoka nayo ilikuwa masikio yaliyozoea kelele za mitambo.

Miaka mingi baadaye kijiji kilipata mashine ya kusaga, yenye injini ya Lister ya Uingereza, ya silinda moja. Msomaji aliyekulia shamba ataikumbuka sauti yake, tu, tu, tu, polepole, maana huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hata ikawa na joto la kuwasha mafuta. Kwa hiyo kuiamsha kwataka nguvu na akili pia: unafungua valvu ili mbano upungue, unazungusha hendeli hata magurudumu mawili mazito ya ubavuni yapate kasi, kisha unaachia valvu kwa ghafula. Babu, mwembamba kama fimbo, aliiamsha pale ambapo vijana wenye vifua walishindwa.

Moshi aliusoma kama alivyosoma mawingu. Mweusi, mafuta yamezidi hewa. Wa buluu, injini inakula oili yake. Mweupe, mafuta yanatoka bila kuungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vipuri vilipoadimika nchini, alikata gaskiti ya mfuniko wa pampu katika karatasi ngumu iliyolowekwa oili, na mkanda uliokatika aliushona kwa ugwe wa ngozi ya ng'ombe. Mimi nilikuwa mtoto mchanga wakati huo. Habari hizi nilizipata kwa mama.

Lakini jambo moja nililiona kwa macho yangu, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mashine ilianza ugonjwa wa ajabu: inasaga nusu saa, inakohoa, inazimika; ikipumzika inakubali tena, kisha inazimika. Fundi aliyeletwa kutoka mjini alisema pampu imekufa, na bei aliyoitaja ilikuwa kubwa kuliko mavuno ya nyumba nyingi. Wanawake walirudi kwenye kinu na jiwe la kusagia, na wengine walitembea na debe kichwani hata kijiji cha pili. Babu hakubishana na fundi. Alingoja aondoke, akaiamsha injini, akaketi juu ya gunia na kuinamisha kichwa. Ilipoanza kukohoa alifungua kifuniko cha tangi, na hapo tukasikia hewa ikifyonzwa ndani, fyuu! Injini ikachangamka papo hapo. Nyigu alikuwa ameziba kwa udongo tundu dogo la kifuniko, na tangi lisilopitisha hewa haliwezi kuachilia mafuta. Babu alilizibua tundu kwa mwiba wa mgunga, akaenda zake kupalilia. Malipo yake yalikuwa kusagiwa debe moja bure.

Nionavyo mimi, vipo vijiji vingi vilivyokuwa na mtu wa namna hii, nasi tukamtumia kama mtu atumiavyo kivuli cha mti. Leo Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima watu waliojifunza kazi nje ya shule na kuwapa vyeti. Ni jambo jema, lakini Babu halikumkuta.

Tulipomzika, wajukuu wa kiume tuligawana spana zake, na sidhani kama yuko kati yetu aliyezitumia. Aliyechukua ujuzi ni mama mdogo, ambaye hakupewa hata spana moja. Tangu usichana alikuwa akimshikia Babu taa, na hakuna aliyemhesabu kuwa mwanafunzi. Sasa mashine ni ya umeme, na kila asubuhi yeye huweka kiganja juu ya mota ili asikie kama beringi zimeanza kulika. Mwaka huu amejaza fomu za kupimwa. Siku ya kupimwa bado haijapangwa.