NATHARI YA KWELI: Kikundi cha waandishi kisichouliza “Umejuaje?” hakimjengi mwandishi

Kiswahili hakijapata kukosa wasimulizi wa mambo ya kweli. Mnamo 1896, Selim bin Abakari aliandamana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia, kisha akasimulia kwa Kiswahili aliyoyaona. Masimulizi hayo yalichapishwa 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten, ‘Safari za Wasuaheli’. Tippu Tip naye alituachia tawasifu yake. Shaaban Robert aliandika habari zake mwenyewe katika ‘Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini’, na hapa kwetu marehemu Ken Walibora akatupa ‘Nasikia Sauti ya Mama’.

Pamoja na urithi huo, rafu ya vitabu vya aina hii ingali nyembamba mno ikilinganishwa na ya riwaya na hadithi fupi. Kwa nini?

Sababu moja iko darasani. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya fasihi hutahini riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Wasifu na tawasifu hukutana na mwanafunzi katika karatasi ya insha, na huko anachofunzwa hasa ni sura: kichwa, nafsi ya kwanza au ya tatu, mpangilio wa matukio, basi. Anahitimu akidhani tawasifu ni zoezi la maneno 400, wala si sanaa inayoweza kumshughulisha mtu mzima miaka mitano.

Istilahi ya utanzu huu bado inavutaniwa na wataalamu. Katika makala haya nitauita nathari ya kweli. Nakusudia maandishi yanayotumia mbinu za msanii, yaani taswira, mazungumzo, taharuki na uteuzi wa maneno, kueleza watu waliopo na mambo yaliyotukia. Mwandishi ana uhuru wa kuchagua aanzie wapi na aache nini. Hana uhuru wa kuzua.

Hapo ndipo kikundi cha waandishi kinapoingia. Vikundi tunavyo tele: vyama vya Kiswahili vyuoni, makundi ya WhatsApp, mabaraza ya washairi. Aghalabu mtu akisoma kazi yake, wenzake humsahihishia upatanisho wa kisarufi, humsifu kwa methali alizozipachika, halafu wanapiga makofi. Kwa shairi, huenda hayo yakatosha kwa kuanzia. Nathari ya kweli inahitaji wasikilizaji wagumu zaidi.

Chukua mfano. Mwandishi chipukizi anaandika kuhusu mvua za El Niño za 1997, zilipoibomoa nyumba yao. Anasema: “Mama alilia usiku kucha.” Sentensi ni fasaha, haina kosa la sarufi. Lakini mwenzake amuulize: umejuaje? Ulikuwa na umri gani? Hukulala? Mwandishi akifikiri, huenda akakiri kwamba alikuwa na miaka sita na alilala fofofo, na kwamba habari ya kilio aliipata kwa dada yake. Basi na aandike hivyo: “Dada husema mama alilia usiku kucha. Mimi nakumbuka macho yake asubuhi, na sufuria aliyokuwa akichotea matope.” Ona jinsi ukweli ulivyoinua sanaa yenyewe. Sasa tuna watu watatu badala ya wawili, tuna kumbukumbu mbili zinazosaidiana, na ile sufuria imesema zaidi ya kilio.

Swali la pili ni hili: nani mwingine alikuwapo, na umemuuliza? Siti binti Saad alifariki 1950, lakini kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa amekutana naye na kumhoji. Ndiyo maana ‘Wasifu wa Siti binti Saad’ una mizizi. Kikundi kinaweza kumtuma mwanachama wake arudi kwa jirani, kwa shangazi, kwenye magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa maktabani, kabla ya kumruhusu asome sura ya pili.

Swali la tatu ndilo zito zaidi: anayeandikwa atalipa nini? Mhusika wa riwaya hana mume wa kumfukuza wala mwajiri wa kumwachisha kazi. Binamu yako anavyo vyote viwili. Ukimtaja kwa jina na ugonjwa wake, wewe utapata sifa, yeye atapata minong’ono sokoni. Mwandishi aliyezama katika kisa chake mara nyingi halioni hilo. Wenzake walio nje ya familia huliona upesi. Wamshauri amwombe mhusika ridhaa, afiche jina na kumweleza msomaji kwamba amelificha, au aiache sehemu hiyo.

Kwamba jumuiya inaweza kukuza utanzu, tumeshuhudia hapa hapa Nairobi. Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2002 kwa ‘Discovering Home’, kazi iliyofuata nyayo za safari zake mwenyewe. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? likazaliwa, na kurasa zake zikawapa nafasi waandishi wa hadithi za kubuni bega kwa bega na wasimulizi wa mambo halisi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, hata hivyo, iliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kinastahili ukumbi wake.

Haihitaji fedha nyingi. Watu sita wanatosha, wakikutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akiwa amesoma rasimu mapema na kuweka alama penye kila jambo asiloamini. Muhimu ni wakubaliane kwamba kuulizwa si kutukanwa.

Tusikawie. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 sasa amevuka themanini. Wapo wengi wa aina hiyo vijijini mwetu, wanakumbuka nani alichukuliwa, nani alirudi, na ugali ulipikwa kwa nini siku hiyo. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kuwafikia Jumamosi hii. Akirudi na kurasa zake, awakute wenzake sita wamekaa, tayari kumuuliza alijuaje.