Mahari, Bisisi na Ndoa Zisizo na Raha katika Bukoba

Sheria za kimila za Wahaya ziliandikwa kwa urefu na Hans Cory na M. M. Hartnoll katika kitabu chao kilichotolewa London mwaka 1945. Hukumu zake ziliihusu pia nchi ya Ihangiro, ambayo leo imo katika wilaya ya Muleba. Linalomshangaza zaidi mgeni humo ni desturi iitwayo bisisi. Kwa desturi hiyo baba wa mtoto mbele ya sheria hakuwa lazima yule aliyemzaa, wala mume wa wakati huo. Alikuwa mwanamume wa kwanza kulala na mama baada ya uzazi uliotangulia. Basi ugoni haukuwa aibu ya nyumbani tu. Usiku mmoja uliweza kumnyang'anya mume mtoto ambaye mimba yake haijatungwa bado, na mke aliyeachika aliweza kumzalia mume wa kwanza akiwa nyumbani kwa wa pili.

Mke aliyechoshwa na ndoa alikuwa na njia nyembamba. Ili aachwe, ilipasa mahari irudishwe, nayo mara nyingi ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa baba yake. Bei ya kahawa iliposhuka katika miaka ya 1930, mzazi asiye na cha kurudisha alimrudisha binti.

Ndipo wengine walipotorokea Kampala na Nairobi. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya umalaya wa Nairobi wakati wa ukoloni, ameeleza habari za wanawake wa Kihaya waliokaa nje ya milango ya vyumba vyao huko Pumwani, wakaitwa wazi-wazi. Fedha zao zilirudi kwao Bukoba kuwaokoa jamaa. Waliowalaumu walitazama mlango, wasitazame hesabu ya mahari iliyokuwa nyuma yake.

Aliyerudi na akiba aliweza kununua kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, kikawa chake kweli. Cha ukoo alikitumia tu, asikiuze. Nalo tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 lilithibitisha hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliamua kwamba ndoa husimama hata mahari isipolipwa. Kuhusu ardhi, ilingojwa mpaka mwaka 1990, wakati Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipoamua shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, kwamba mwanamke wa Kihaya aweza kuuza shamba la ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanamume.