Maji ya samaki kwa matone: somo nililolipata Burnt Forest

Mwaka juzi niliua samaki kumi na mmoja kwa asubuhi moja. Sikukusudia. Nilikuwa mgeni kwa dada yangu aliyeolewa Burnt Forest, ule mji ulio kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako ana hoteli ndogo ya chai na mahamri. Mwanawe, mpwa wangu, alikuwa na matangi matatu ya kioo, kila moja la lita 200. Alifuga samaki wa dhahabu na kuwauzia watoto wa samaki hao wateja wa Eldoret. Pesa hizo ndizo zilizomlipia nauli na vitabu.

Siku hiyo kijana alikuwa shule. Nikaona tangi moja maji yake yamegeuka rangi ya chai, nikasema ngoja nimsaidie. Nikamwaga maji yote, nikaosha sponji ya chujio mferejini mpaka ikatakata, nikajaza maji mapya yenye baridi ya kukata vidole. Adhuhuri samaki walikuwa juu wakitweta. Alasiri walikuwa wanaelea ubavu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikwenda kinyume chake.

Kijana aliporudi aliniambia tu, "Mjomba, hukujua." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Mwaka huu alipata nafasi ya chuo, na swali likaja: nani atabadilisha maji? Mama yake ana maumivu ya mgongo, hawezi kunyanyua ndoo. Shauri lilikuwa kuuza matangi. Nikaomba wanipe wiki moja. Nilikuwa nimesoma, tena nilikuwa na deni. Haya ndiyo tuliyofanya, na nawaandikia kwa sababu najua Mombasa, Malindi na Lamu kuna wengi wanaoua samaki kwa wema kama wangu.

Kosa langu lilikuwa wapi

Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua. Amonia ni sumu. Ndani ya tangi, hasa kwenye sponji ya chujio, huishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Nitrati hiyo haina pa kwenda ila iliwe na mimea au itolewe pamoja na maji. Ndiyo maana maji hubadilishwa hata yakiwa meupe machoni.

Mimi nilifanya makosa matatu kwa mpigo. Niliosha bakteria kwa maji yenye klorini. Klorini hiyo hiyo ikachoma matamvua ya samaki. Na nikawatoa kwenye maji waliyoyazoea, nikawatia kwenye maji ya baridi nyingine na uchachu mwingine bila kuwapa muda. Maji machafu hayakuwaua. Waliuawa na badiliko la ghafla.

Dawa ya ghafla ni kidogo kidogo: maji mapya yaingie tone kwa tone mchana na usiku, na ya zamani yatoke yenyewe kwa kiasi kile kile.

Hesabu kabla ya bomba

Tuseme tunataka kuingiza asilimia 10 ya tangi kila siku. Kwa lita 200, hiyo ni lita 20 kwa siku, kwa wiki lita 140. Utadhani kwa wiki umebadilisha asilimia 70 ya maji. La. Maji mapya huchanganyika na ya zamani, na sehemu ya hayo mapya hutoka nayo. Ukipiga hesabu, maji ya zamani yaliyoondoka kwa wiki ni karibu nusu. Yaani lita 140 za matone hufanya kazi ya lita 100 za ndoo. Njia hii hula maji zaidi, nisikufiche. Unachonunua kwa maji hayo ya ziada ni utulivu.

Jambo la pili: matone hayaondoi nitrati yote, huiwekea dari. Kama samaki wako wanaongeza miligramu 4 kwa lita kila siku, nawe unabadilisha asilimia 10 kwa siku, nitrati itapanda mpaka 40 na kusimama hapo. Ukiwalisha maradufu, itasimama 80. Kwa hivyo mkono unaotia chakula nao uwe na kipimo.

Tulivyojenga

Nyuma ya hoteli kuna tangi la plastiki la lita 5,000 linalokinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Liko juu ya jukwaa, na mdomo wake wa chini umepita usawa wa matangi ya samaki. Hilo lilitupa presha bila pampu, na hiyo ni neema, maana stima ikipotea matone hayajui.

Kutoka hapo tulivuta bomba jembamba, tukaweka koki, kisha chujio la kuzuia mchanga na majani. Baada ya chujio, bomba likagawanyika mara tatu, na mwisho wa kila tawi tukachomeka kichwa cha matone, kile kile wakulima wanachotumia kunyunyizia nyanya. Duka la pembejeo wanavyo tele.

Hapa kuna siri ndogo. Kichwa tulichonunua kimeandikwa lita 2 kwa saa. Tulipokinga kikombe chini yake kwa saa moja, tulipata takriban mililita 900. Si kibovu. Kipimo kile ni cha presha ya maji yaliyo juu mita 10, nasi tulikuwa na mita 2 hivi. Presha ikipungua mara tano, mtiririko hupungua mara mbili na kitu. Mililita 900 kwa saa ni karibu lita 22 kwa siku, kama tulivyotaka. Ila ununue kile cha kawaida, si kile kinachojirekebisha presha, maana hicho kwa presha ndogo huenda kisifanye kazi sawasawa. Na upime mwenyewe kwa kikombe. Usiamini maandishi ya pakiti.

Mwisho wa kila bomba uachwe ukining'inia juu ya maji, usizame. Ukizama, siku tangi la juu likiishiwa, maji ya samaki yanaweza kuvutwa kurudi nyuma.

Sasa njia ya kutokea. Fundi wa vioo alitoboa tundu kwenye kioo cha nyuma, karibu na ukingo wa juu, kwa keekee ya almasi, polepole huku akimwagia maji. Tukafunga kiungo chenye mpira na bomba la milimita 25. Maji yakifika hapo hutoka yenyewe. Mdomoni tuliweka wavu, watoto wa samaki wasitoke. Kabla ya kutoboa, hakikisha kioo si kile kilichokazwa kwa moto. Hicho ukikigusa na keekee hupasuka chote vipande vidogo vidogo.

Wapo wanaokwepa kutoboa kwa kutumia bomba lililopindwa la kunyonya maji juu ya ukingo. Hufanya kazi, lakini Bubujiko moja la hewa likiingia, mnyonyo hukatika na maji humwagika sakafuni. Kanuni ni moja: tundu la kutokea liwe na uwezo mkubwa mara nyingi kuliko linaloingiza.

Baridi, mvua na makombe

Burnt Forest iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake si wa shuka moja. Dada aliogopa maji ya baridi yatawadhuru samaki. Tukapiga hesabu pamoja. Hata kama maji ya nje ni digrii 10 na ya tangini ni 20, mililita 900 ndani ya lita 200 hazishushi hata sehemu moja ya ishirini ya digrii kwa saa moja. Na samaki wa dhahabu ni samaki wa maji ya baridi. Wangekuwa samaki wa nchi za joto, tungehitaji kifaa cha kupashia maji.

Maji ya mvua hayana klorini, lakini pia hayana madini, na samaki wa dhahabu wanayahitaji. Isitoshe, maji yasiyo na madini uchachu wake huyumba upesi. Dawa yake ni makombe ya baharini yaliyosagwa, yale wanayopewa kuku wa mayai. Tulitia kwenye mfuko wa wavu, tukaweka ndani ya chujio la tangi. Mimi mtu wa Pwani nikanunua makombe ya bahari kule milimani, dada alicheka sana. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaiacha ipite, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege juu ya mabati.

Sharti la dada

Dada aliweka sharti moja: maji ya samaki yasipunguze maji ya hoteli. Ni haki yake. Matangi matatu hula kama lita 65 kwa siku, karibu lita 2,000 kwa mwezi. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, tangi la lita 5,000 halifiki mwisho. Kwa hivyo tulikubaliana mambo mawili. Kiangazi koki inafunguliwa nusu siku tu na chakula cha samaki kinapunguzwa. Na maji yanayotoka hayamwagwi mtaroni. Bomba linayapeleka kwenye sukuma wiki, ambayo huipenda nitrati ile ile tunayoikimbia. Bila hivyo ingekuwa israfu, na sitaki kufundisha mtu israfu.

Usidanganyike kwamba sasa hakuna kazi. Chujio bado lazima liwepo. Sponji hukamuliwa ndani ya maji ya tangi lenyewe, si mferejini. Uchafu wa chini hunyonywa kwa mpira kila baada ya wiki chache. Na kila Ijumaa kikombe kiwekwe chini ya kila kichwa, maana vichwa huziba bila kupiga kelele.

Kwetu Pwani

Kwa sisi wa Mombasa, ambao maji yetu hutoka mbali, Mzima na Baricho, na huja kwa zamu, usiunganishe matone moja kwa moja na mfereji. Kinga maji kwenye tangi la juu, yaache siku nzima wazi ili klorini ipungue, au yapitishe kwenye chujio la mkaa. Wenye visima wapime chumvi kwanza. Kisima chenye maji ya magadi kinaweza kufaa kwa kufulia na kisifae kwa samaki.

Kijana alikwenda chuo, matangi hayakuuzwa. Wiki iliyopita dada alinipigia simu kuniambia kichwa cha tangi la pili kimeziba. Amekichomoa, amekiosha, amekirudisha. Hakubeba ndoo hata moja. Kisha akaniambia samaki wametaga, na kwamba nikija nisiguse kitu.