Soda Chungu na Homa za Rufiji

Katika maduka yaliyo kando ya barabara kuu ya kusini, pale Kibiti ambapo hupita mabasi yaendayo Lindi na Mtwara, soda zinazonunuliwa zaidi ni zile tamu za machungwa, tangawizi na kola. Lakini kuna aina moja isiyo na rangi, ambayo mtu aionjaye kwa mara ya kwanza hukunja uso. Hayo ni maji ya toniki, na chapa iliyoyaeneza duniani ni Schweppes. Uchungu wake umetiwa kwa makusudi. Unatokana na kwinini, dawa ambayo kwa muda mrefu ilikuwa tegemeo kuu la binadamu dhidi ya malaria. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini hadi leo kwamba anywaye soda hiyo amejikinga na homa. Katika delta ya Mto Rufiji, ambako malaria si jambo la vitabuni, imani kama hiyo yafaa ipimwe kwa hesabu.

Kinywaji hiki hakikuanza na uchungu, bali na gesi tu. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley, aliyekuwa akiishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, aligundua kwamba hewa nzito iliyotanda juu ya mapipa ya bia inayochachuka huweza kuyeyuka katika maji na kuyapa ladha ya kuchangamsha. Hewa hiyo ndiyo iitwayo leo kaboni dioksaidi. Mwaka 1772 alichapisha maelezo ya namna ya kuyatengeneza maji hayo, akitumaini kwamba yangewakinga mabaharia na kiseyeye. Hayakufaa, kwa kuwa kiseyeye huletwa na upungufu wa vitamini C. Priestley hakuifanyia biashara kazi yake. Aliyefanya hivyo ni Johann Jacob Schweppe, Mjerumani aliyekuwa fundi wa saa na vito mjini Geneva, ambaye mwaka 1783 alikamilisha njia ya kushindilia gesi hiyo majini kwa pampu. Mwaka 1792 alihamia London na kufungua kiwanda. Baadhi ya maji ya namna hiyo yalitiwa chumvi za sodiamu, jamii ya magadi, ndipo yakaitwa maji ya soda. Chumvi hizo zimeondoka katika vinywaji vingi, jina likabaki, na leo kila kinywaji baridi chenye gesi huitwa soda.

Tatizo kubwa la siku zile lilikuwa kizibo. Gesi huyeyuka kwa wingi majini ikiwa imeshindiliwa, na kani hiyo ikipungua hutoka kwa kasi, kama ionekanavyo chupa inapofunguliwa. Kizibo cha gome la mti kikikauka husinyaa na kuivujisha gesi. Kwa hiyo zilitengenezwa chupa zenye umbo la yai, zisizoweza kusimama hata mwenye duka akitaka. Zilipolazwa, maji yalikilowesha kizibo kikabaki kimevimba. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 kampuni hiyo iliuza chupa zaidi ya milioni moja. Schweppe hakuyaona hayo. Mwaka 1799 alikwisha kuuza sehemu kubwa ya hisa zake, akarudi Uswisi na kufariki mwaka 1821. Hivyo mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye chupa za toniki hakupata kuionja toniki hata siku moja.

Uchungu uliingia kwa njia nyingine. Wenyeji wa milima ya Andes, huko Peru na nchi jirani, walilijua gome la mti uitwao sinkona, na katika karne ya 17 wamisionari Wajesuti walilipeleka Ulaya likatumika kutibu homa za vipindi. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walifaulu kuitenga kwinini kutoka katika gome hilo. Waingereza waliotawala India waliinywa kwinini ili kujikinga, na kwa kuwa ni chungu mno, waliichanganya na sukari na maji. Mwaka 1858 Erasmus Bond wa London alipata hataza ya kinywaji cha toniki chenye gesi, na katika miaka ya 1870 Schweppes wakatoa chao. Neno la Kiingereza lenye maana ya “ya Kihindi” lingali linaonekana katika lebo nyingi.

Kwinini hufanya kazi gani mwilini? Kijidudu cha malaria, akiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula hemoglobini. Mlo huo humwachia mabaki yenye chuma ambayo ni sumu kwake mwenyewe, naye hujiokoa kwa kuyagandisha yawe fuwele zisizodhuru. Kwinini huzuia ugandishaji huo, na kijidudu hufa kwa sumu ya chakula chake. Lakini ili hayo yatokee, dawa lazima iwe ya kutosha katika damu kwa siku kadhaa.

Thamani ya dawa hiyo ilionekana katika Rufiji yenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo wenyeji waliiita “manowari na bomba tatu”, iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya mto miongoni mwa mikoko. Waingereza waliigundua na kuifungia humo hadi walipoiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Kwa miezi hiyo yote mabaharia wake walisumbuliwa na malaria kuliko walivyosumbuliwa na mizinga. Meli za Kiingereza zilizolinda pwani zilizuia pia dawa kuingia, na koloni zima likaanza kukaukiwa na kwinini. Msaada ulitoka Usambara, katika taasisi ya utafiti ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902, ambako miti ya sinkona ilikuwa imepandwa na kwinini ikaanza kutengenezwa. Waingereza walipoiteka Amani mwaka 1916, askari waliorudi nyuma kuelekea Rufiji walichemsha magome waliyoyachukua na kunywa maji yake. Yalikuwa machungu kupita kiasi, wakayabandika kwa mzaha jina la pombe ya kamanda wao, Lettow. Wapagazi Waafrika wa pande zote mbili, waliobeba mizigo ya vita katika mafuriko ya mwaka 1917, ndio waliopata dawa kidogo zaidi na kufa kwa wingi zaidi.

Sasa ipimwe soda. Sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya kinywaji. Chupa ya mililita 350 basi ina miligramu 29 hivi. Mtu mzima aliyetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini alipewa miligramu 600 mara tatu kwa siku, yaani miligramu 1,800, kwa muda wa siku 7. Kuzipata kutoka katika soda angepaswa kunywa chupa 62 kila siku, na chupa zaidi ya 430 kwa juma. Sukari na maji hayo yangemdhuru kabla ya kijidudu kudhurika. Mkulima anayelala katika dungu shambani akilinda mpunga wake dhidi ya ngedere na nguruwe, ambako mbu ni wengi usiku, hapati kinga yoyote katika chupa hiyo. Akiwa na homa na kungoja soda imsaidie, hupoteza saa ambazo kwa mtoto mdogo huweza kuwa za uhai.

Zaidi ya hayo, kwinini si dawa ya kwanza tena. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001 baada ya vijidudu kuwa sugu, ikatumia dawa za jamii ya SP, kisha kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 dawa mseto ya ALu. Kabla ya hapo dawa mseto yenye artesuneti ilijaribiwa Rufiji, wakati Kibiti ilikuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Kwa malaria kali, sindano ya artesuneti imechukua nafasi ya kwinini.

Soda hiyo, hata hivyo, yafaa sana darasani. Bilauri mbili, moja ya toniki na moja ya maji matupu, ziwekwe katika chumba chenye giza na kumulikwa kwa taa ya kukagulia noti, ambayo hutoa mionzi ya urujuanimno. Taa isielekezwe machoni. Maji matupu hayatabadilika, lakini toniki itang'aa kwa rangi ya buluu, kwa sababu molekuli za kwinini hupokea mionzi isiyoonekana na kuitoa kama nuru inayoonekana. George Stokes aliichunguza tabia hiyo kwa myeyuko wa kwinini mwaka 1852. Kisha katika toniki itiwe chumvi ya mezani, kijiko kimoja. Gesi itatoka kwa povu na ile buluu itafifia, kwani ioni za kloridi huzigonga molekuli na kuzipokonya nishati kabla hazijaitoa kama nuru. Kwinini yenyewe huwa haijaharibika.