Fahamu: Si kila giza la uzeeni ni la kuvumiliwa

Bibi akianza kumwita mjukuu amtungie uzi kwenye sindano, huo si ugonjwa. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na kuanzia miaka 40 hivi maandishi ya karibu hufifia. Miwani ya kusomea inatosha.

Mtoto wa jicho ni jambo jingine, na ndiye anayeongoza kwa kuwapofusha watu duniani. Lenzi yenyewe hupata ukungu, taa za magari zikamwumiza mtu usiku, rangi zikapauka. Hakuna matone yanayoondoa ukungu huo. Daktari hutoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia, kazi ambayo mara nyingi haifiki nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Inauma kumwona mzee akiongozwa kwa mkono miaka nenda rudi kwa kudhani ni uzee tu.

Ninayoihofia zaidi ni presha ya macho. Kwa kawaida huanza bila maumivu, ikala uoni wa pembeni kwanza. Neva ya jicho ikishaharibika, uoni uliopotea haurudi. Matone ya kila siku husaidia kulinda uliobaki. Watoto na ndugu wa mgonjwa nao wapimwe, hata kama wanaona vizuri.