Kuta Ndani ya Diski

Fikiria ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mwenye ghala akitaka magunia ya wateja yasichanganyike, hana budi kujenga vyumba, na kuandika daftarini kila chumba kinaanzia wapi na kuishia wapi. Diski ya kompyuta nayo hugawanywa vivyo hivyo, ila kuta zake ni tarakimu tupu, zilizoandikwa katika jedwali fupi mwanzoni mwa diski.

Jedwali la mtindo wa zamani, liitwalo MBR, lina nafasi ya sehemu kuu 4 tu. Jedwali jipya, GPT, kwa kawaida hupokea sehemu 128, na nakala yake huwekwa mwishoni mwa diski.

Chukulia kwamba shule moja ya sekondari kando ya ziwa ina kompyuta yenye diski ya gigabaiti 500, yote ikiwa sehemu moja. Alama za wanafunzi na kazi nyingine zimejaza gigabaiti 120. Mwalimu ataka kuongeza mfumo wa Linux. Je, afute yote? La. GParted, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, itamsaidia bila malipo. Huiwasha kutoka kwenye flashi, kwa kuwa sehemu inayotumika haifai kupunguzwa. Sehemu za diski huonekana kama vibanzi vya rangi. Mwalimu huvuta ukingo hadi gigabaiti 300. Hapo hakuna kilichobadilika bado. Akithibitisha, programu huhamisha kwanza data iliyo nje ya mpaka mpya, ndipo huandika mpaka huo katika jedwali. Mpaka ukitangulia, data ya nje hupotea.

Adui mkubwa ni kukatika kwa umeme. Kusogeza mwanzo wa sehemu hulazimu data yake yote inakiliwe upya, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Ikikatizwa, nusu ya data hubaki mahali pa kale na nusu mahali papya, na mfumo hushindwa kuisoma. Kwa hiyo nakala katika diski nyingine hutangulia kila kitu, na betri iwe imejaa.

Zoezi kwa wanafunzi: MBR huhesabu vipande vya baiti 512 kwa tarakimu 32 za mfumo wa mbili. Zidisha 512 kwa 2 kipeo cha 32. Jibu, baiti 2,199,023,255,552, laeleza kwa nini jedwali hilo halitoshi diski inayozidi takriban terabaiti 2.