Masereka yuko wapi? Namna ugonjwa wa Huntington unavyotambuliwa

Mtu wa miaka 40 anaanza kurusharusha mabega na vidole bila kutaka, anaangusha vikombe, anakuwa mkali nyumbani. Bwera, magharibi mwa Uganda, kama kwingineko, wapo watakaosema amelewa au amerogwa. Daktari naye haanzi na ugonjwa wa nadra kama Huntington. Atapima kwanza kaswende na virusi vya Ukimwi, kisha aulize kuhusu dawa za akili kama haloperidol, maana zikitumika muda mrefu huweza kuleta miondoko kama hiyo. Ataangalia pia macho: duara la kahawia kwenye ukingo wa nje wa sehemu ya jicho yenye rangi huashiria ugonjwa wa Wilson, ambapo mwili hushindwa kutoa shaba ya ziada. Huo hurithiwa na una dawa, kwa hiyo kuukosa ni kosa kubwa.

Hayo yakiondolewa, linabaki swali la ukoo, kwa kuwa Huntington hurithiwa, na hapa Wakonzo wa eneo hilo wana msaada ambao hospitali nyingi hazina. Watoto huitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Mgonjwa akitaja kaka zake na kuruka kutoka Bwambale hadi Kule, muuguzi makini huuliza: Masereka yuko wapi? Pengine alikufa mchanga kwa malaria. Pengine alikufa mtu mzima, mwili ukimchezacheza vivyo hivyo. Au yuko Butembo, kwani mpaka wa Mpondwe haukukata undugu na Wanande wa Kongo. Ukoo uliochorwa upande wa Uganda peke yake ni nusu ya ukoo.

Huntington hutokana na kasoro ya jeni moja kwenye kromosomu namba 4, iliyogunduliwa mwaka 1993. Kipande chake kiitwacho CAG kikijirudia mara 40 au zaidi, mtu ataugua akijaliwa umri. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kurithi jeni yenye kasoro hiyo. Kipimo ni damu kidogo tu, ila majibu safi hayafungi kesi: mwaka 2001 watafiti walieleza ugonjwa unaofanana nao mno, HDL2, wa jeni JPH3 kwenye kromosomu 16, na karibu wagonjwa wake wote wanaojulikana wana asili ya Afrika. Maabara iliyoombwa Huntington peke yake haitauona.

Watoto wasio na dalili hawapimwi. Wataamua wenyewe wakishakua, baada ya ushauri nasaha. Wewe unayempeleka ndugu kliniki, ongozana na shangazi anayewajua wote, waliokufa na walio ng'ambo ya mpaka.